Ukitaka kuielewa karne ya 20, anza na mwaka 1919

#1 (Mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mara mtu akiuliza aanzie wapi kusoma historia ya dunia kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 hadi leo, majibu ni yaleyale: Sarajevo, mwanamfalme kapigwa risasi, vita, Hitler, vita tena, Vita Baridi, ukuta wa Berlin ukaanguka, kwisha habari. Dunia nzima inakuwa Ulaya, na sisi tunaingizwa mwaka 1960 kama wageni waliochelewa harusini.

Mimi napendekeza njia nyingine. Chukua mwaka mmoja tu, 1919, ukae nao. Usisome kwa nchi, soma kwa kalenda: tarehe fulani nini kilitokea Cairo, nini Seoul, nini Paris, nini Kigali. Ukimaliza hapo, miaka mia iliyofuata utaisoma huku unatikisa kichwa.

Tuanze. Vita ilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. (Kwetu habari zilichelewa, von Lettow-Vorbeck, jenerali wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, aliweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25.) Tarehe 18 Januari 1919 mkutano wa amani ukafunguliwa Paris. Milki nne zilikuwa zimeanguka au zinamalizikia: ya Urusi, ya Ujerumani, ya Austria-Hungaria na ya Waturuki wa Osmani. Ardhi kubwa mno haina mwenyewe, na wazee wachache wamekaa na ramani mezani.

Rais Woodrow Wilson wa Marekani alikuwa ametangaza hoja zake 14 mwaka mmoja kabla. Yeye akilini alikuwa na Wapolandi na Wacheki. Lakini maneno yakishatoka hayana mwenyewe: huko Misri, India, Korea na China watu walisikia kwamba kila taifa litajiamulia mambo yake, wakaamini. Sasa angalia kalenda.

Tarehe 1 Machi, Seoul. Watu 33 wametia saini tangazo la uhuru wa Korea kutoka kwa Wajapani. Maandamano yanaenea nchi nzima, yanazimwa kwa risasi na magereza. Tarehe 8 Machi, Cairo. Waingereza wanamkamata Saad Zaghloul, ambaye kosa lake ni kutaka kwenda kuisemea Misri, wanampeleka Malta. Misri inawaka, ndani ya siku chache hata wanawake wa nyumba kubwa, Huda Shaarawi akiwamo, wako barabarani. Mwezi huohuo Moscow, Lenin anaanzisha jumuiya ya vyama vya kikomunisti vya dunia, na Milano mtu wa magazeti aitwaye Benito Mussolini anakusanya wafuasi wake wa kwanza wa kifashisti. Ndani ya mwezi mmoja!

Tarehe 13 Aprili, Amritsar. Jenerali Dyer anaamuru askari wafyatue risasi kwenye umati ulionaswa ndani ya uwanja wenye kuta pande zote, Jallianwala Bagh. Risasi 1,650 kwa kama dakika kumi. Serikali ya kikoloni yenyewe ilikiri maiti 379. Wahindi walisema ni wengi zaidi. Na kumbuka India ilikuwa imepeleka zaidi ya watu milioni moja kuipigania Uingereza ng'ambo, baadhi yao wamezikwa Tanga tangu Novemba 1914.

Tarehe 4 Mei, Beijing. Wanafunzi kama 3,000 wanakusanyika Tiananmen kwa hasira. China ilikuwa upande wa washindi, ilipeleka vibarua kama 140,000 kuchimba mahandaki na kubeba mizigo Ufaransa, halafu Paris imeamua kwamba eneo la Shandong lililokuwa mikononi mwa Wajerumani lisirudi China bali wapewe Wajapani. Wajumbe wa China walikataa kutia saini. Miaka miwili baadaye, 1921, kikaanzishwa Chama cha Kikomunisti cha China. Mmoja wa waasisi wake wakuu, Chen Duxiu, alikuwa sauti kubwa ya vuguvugu lile la Mei.

Tarehe 19 Mei Mustafa Kemal anashuka Samsun kuanza mapambano yatakayozaa Uturuki ya leo. Na mwezi Juni, hukohuko Paris, Mvietnam mmoja asiyejulikana anapeleka karatasi yenye madai manane ya watu wake. Hakudai hata uhuru wa nchi. Alidai mambo kama uhuru wa magazeti na sheria moja kwa wote. Hakuna kilichofanyika. Jina alilotumia ni Nguyen Ai Quoc. Dunia ilikuja kumjua baadaye kama Ho Chi Minh.

Tarehe 28 Juni mkataba ukasainiwa Versailles. Vifungu 440. Shuleni tulifundishwa kimoja, cha 231, kile cha kuibebesha Ujerumani lawama.

Sijagusa Afrika bado. Nakuja. Karibuni kwa hoja.

#2

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

#3

Mtoa mada unaandika vizuri ila nakupinga. Mwaka wa karne ni 1945. Hiroshima, Umoja wa Mataifa, dola ya Marekani kukalia kiti, Ulaya kugawanywa vipande viwili, na Oktoba mwaka huo Nkrumah na Kenyatta wako Manchester kwenye Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika. Hao wa 1919 unaowataja wote walishindwa. Korea ilikaa chini ya Japani miaka 26 mingine. India miaka 28. Historia inaandikwa na matokeo, na matokeo yalikuja 1945.

#4 (Mtoa mada)

#3, hoja nzito, na kwa vitu kama bomu la atomu na dola siwezi kubishana. Lakini jiulize: waliokuja kushinda baada ya 1945 walikuwa akina nani, na walitoka wapi?

Ho Chi Minh, aliyepuuzwa Paris, mwaka uliofuata alikuwa mmoja wa walioanzisha Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa, kwa sababu hao angalau walikuwa wanazungumzia makoloni. Tarehe 2 Septemba 1945 amesimama Hanoi anatangaza uhuru, na anaanza kwa kunukuu Tangazo la Uhuru la Marekani. Ufaransa ikarudi kwa mabavu, ikapigwa Dien Bien Phu 1954, Marekani ikaingia, ikatoka, Saigon ikaanguka 1975.

Hiyo Manchester yako: mzee aliyekalia kiti cha heshima pale ni W.E.B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi, miaka 77. Februari 1919 Du Bois huyohuyo aliitisha kongamano la watu weusi palepale Paris, wajumbe 57, kwa ruhusa iliyopatikana kupitia Blaise Diagne, mbunge wa Senegal katika bunge la Ufaransa. Waliomba kwa adabu sana. Waliomba makoloni ya Mjerumani yasimamiwe kimataifa na wenyeji walindwe. Linganisha na maazimio ya Manchester, ambako lugha ya kuomba imekwisha kabisa. Huwezi kuelewa kwa nini imekwisha kama hujaona walivyojibiwa mara ya kwanza.

Na kuna kisa kimoja cha Aprili 1919 ambacho kwangu kina uzito kuliko Sarajevo. Japani ilipendekeza katiba ya Shirikisho la Mataifa (lililotangulia Umoja wa Mataifa) iwe na maneno ya kutambua usawa wa mataifa na raia wao watendewe haki; toleo lao la kwanza, la Februari, lilitaja rangi waziwazi. Ikapigwa kura tarehe 11 Aprili: 11 kati ya 17 wakakubali. Wilson, mwenyekiti, akasema jambo kama hili linahitaji wote wakubali, likafa. Waziri mkuu wa Australia, Billy Hughes, alikuwa amepambana nalo kufa na kupona.

Usikimbilie kuifanya Japani shujaa, maana wiki hizohizo ilikuwa inaua watu Korea. Ilijitetea yenyewe, haikuwatetea wengine. Hapo ndipo utamu wa kusoma kwa kalenda: huwezi kumpaka mtu rangi moja, tarehe ya pili inakukatalia.

#5

Mimi naandika kutoka Bujumbura, Buyenzi. Nasubiri Afrika uliyoahidi. Sisi katika hiyo 1919 tuko wapi?

#6 (Mtoa mada)

Ndugu yangu wa Buyenzi, mko katikati kabisa, tatizo ni kwamba hamkualikwa.

Wakati wa vita, majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliingia Kigali Mei 1916 na kufika Tabora Septemba mwaka huo. Kwa hiyo vita ilipokwisha, Mbelgiji alikuwa amekalia sehemu kubwa ya magharibi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Tarehe 7 Mei 1919 wakubwa Paris wakaamua koloni lote apewe Mwingereza. Wabelgiji wakaja juu. Waziri wa makoloni wa Uingereza, Lord Milner, akaketi na mjumbe wa Ubelgiji, Pierre Orts, na tarehe 30 Mei wakamaliza: Ruanda na Urundi kwa Ubelgiji, kilichobaki kwa Uingereza. Ndicho kilichopewa jina la Tanganyika mwaka 1920. Kule kusini, kipembe cha Kionga chini ya mto Ruvuma kikapewa Ureno.

Sasa shika kiti. Ubelgiji haikuitaka hasa Ruanda-Urundi. Ilichotaka ni ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo, ambao ni wa Wareno wa Angola. Mpango ulikuwa Ruanda-Urundi ziwe kitu cha kubadilishana: Mwingereza achukue hizo, Mreno apewe ardhi kusini mwa koloni la Mjerumani, Mbelgiji apewe mdomo wa mto. Mreno hakukubali. Basi Ubelgiji ikabaki na ilichokuwa nacho mkononi. Falme mbili zenye historia ndefu, zikamwangukia mtawala ambaye alizishika ili azibadilishe na kitu kingine. Baadaye alipoanza kuzitawala kwa vitambulisho vya ukabila miaka ya 1930, mnajua ilikoishia, 1972 kwenu na 1994 kwa jirani.

Kuna na jimbo la Gisaka, mashariki ya Rwanda. Milner alilikata akalipeleka upande wa Mwingereza kwa sababu alitaka nafasi ya reli kutoka Uganda kuja Tanganyika. Mwami (mfalme) Musinga na wamisionari wakapiga kelele, kufikia mwisho wa 1923 likarudishwa. Reli haikujengwa. Bugufi ya Ngara, ambayo watawala wa Burundi waliihesabu kuwa yao, ilibaki Tanganyika mpaka kesho.

Halafu deni likaja mpaka kwa Nyerere. Mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, milele, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Moja! Mwaka 1961, uhuru ukiwa mlangoni, Nyerere akasema mwenye nchi kwa muda hawezi kutoa haki za milele. Msimamo huo ulikuja kujadiliwa na wanasheria duniani kote, ndio wanaouita Nadharia ya Nyerere ya kurithi mikataba.

#7

Mkuu hayo ya bandari nimeyapenda. Lakini kuna jamaa aliniambia eti fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, limo kwenye Mkataba wa Versailles. Nilicheka. Hizi si ndizo stori za vijiweni?

#8 (Mtoa mada)

Usicheke. Kifungu cha 246. Kinasema ndani ya miezi sita Ujerumani irudishe kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa lililochukuliwa kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kifungu hichohicho, sentensi iliyotangulia, kinadai irudishwe kwa Mfalme wa Hejaz Kurani ya Khalifa Uthman iliyotolewa Madina na Waturuki. Mkataba mzima uko bure mtandaoni, nenda kahakikishe.

Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kulitafuta mwenyewe Bremen, kwenye jumba la makumbusho lenye rundo la mafuvu ya Waafrika, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo na ndugu wa ukoo. Likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, mwaka 1954, sasa liko Kalenga, Iringa. Kama ndilo kweli au siyo, wanahistoria bado wanabishana, nami kwa njia ile ya kulichagua nina mashaka. Zaidi kinachonisumbua ni lile rundo lililobaki Bremen. Ya hao hayana kifungu.

#9

Mimi niko mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), mwakani nakabiliwa na mtihani. Uzi mzuri lakini swali litakuja "Jadili sababu sita za Vita Kuu ya Pili". Nikiandika kuhusu Korea si nitaambulia sifuri?

#10

Naomba nimjibu kijana, mimi ni mwalimu wa somo hilo.

Mwanangu, hizo sababu sita zikariri, mtihani ni mtihani. Lakini angalia hao wanaotajwa kwenye sababu zako: Mussolini, Hitler, Japani, udhaifu wa Shirikisho la Mataifa. Wote umewakuta hapo juu, mwaka mmoja. Hata Hitler, Septemba 1919 ndipo alipojiunga na kachama kadogo Munich kalikokuja kuwa cha Wanazi. Ukijua walianzia wapi, zile hoja sita hutazikariri tena, utazieleza, na msahihishaji anajua tofauti.

Kwa kusoma: tafuta karatasi kubwa, chora safu za miji, Paris, Moscow, Cairo, Beijing, Nairobi, na mistari ya miezi. Kila unaposoma tukio liweke mahali pake. Sehemu zitakazobaki wazi ndizo za kwenda kutafuta. Wanafunzi wangu safu ya Nairobi huwa wanaiacha tupu, nami huwarudisha, kwa sababu haikuwa tupu: Oktoba 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwahimiza machifu wapeleke watu kwenye mashamba ya walowezi, na mwaka huohuo maofisa wa Kiingereza waliotoka vitani wanagawiwa ardhi Kenya. Wapagazi Waafrika, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita hiyohiyo, waliobaki hai walikuta kipande, yaani cheti cha lazima cha utambulisho. Miaka mitatu baadaye Harry Thuku anakamatwa na watu wanapigwa risasi Nairobi. Weka na hiyo.

Na siku ukipata nafasi, usisome kitabu kuhusu mkataba, soma mkataba. Kifungu cha 22 kinasema kuna watu ambao bado hawajaweza kusimama wenyewe katika hali ngumu za dunia ya sasa. Ni sisi hao.

#11

Mmeisahau Palestina ndugu zangu. Au mnaogopa uzi utahamishwa?

#12 (Mtoa mada)

Haijasahauliwa. Kiangazi cha 1919 Wilson alituma tume ya Wamarekani wawili, Henry King na Charles Crane, wakazunguka Palestina na Syria kuwauliza wenyeji wanataka nini. Walipokea maombi ya maandishi zaidi ya 1,800. Wengi walitaka Syria moja huru, na kama lazima awepo msimamizi basi awe Mmarekani. Walipinga mpango wa kuifanya Palestina nchi ya Kiyahudi. Ripoti ikakabidhiwa Agosti, ikafungiwa, ikachapishwa 1922 wakati Uingereza na Ufaransa zimeshagawana. Kila unaposikia leo kwamba "hakuna aliyewahi kuwauliza", jua kwamba waliulizwa, majibu yakawekwa kabatini.

Kwa wanaodhani hii ni historia ya kale: hati za mikopo zilizotokana na fidia za Versailles, Ujerumani ilimaliza kuzilipia tarehe 3 Oktoba 2010. Na Aprili 2019, miaka mia kamili baada ya Amritsar, Theresa May alisimama bungeni London akasema ni kovu la aibu, anasikitika. Neno la kuomba radhi rasmi hakulitoa.

#13

Sawa, 1919 nimekubali, japo #3 bado ana hoja. Ila "hadi leo" ni mbali. Mwaka gani wa pili wa kukaa nao? 1989?

#14 (Mtoa mada)

1989 ulifunga mambo. Mimi ningekaa na 1979, ule ulifungua.

Januari Shah anakimbia Iran, Februari Khomeini anarudi. Deng Xiaoping yuko Marekani anavaa kofia ya wachunga ng'ombe, uhusiano wa nchi hizo una mwezi mmoja tu tangu uanze rasmi. Kabla Februari haijaisha China imeivamia Vietnam, wakomunisti kwa wakomunisti. Machi Misri na Israeli zinatia saini amani. Mei Thatcher anaingia madarakani. Julai Saddam Hussein anakuwa rais wa Irak na Wasandinista, wanamapinduzi wa Nikaragua, wanaingia Managua. Novemba Msikiti wa Makka unatekwa na watu wenye silaha. Desemba Zimbabwe inapatiwa mkataba London, na Wasovieti wanaingia Afghanistan.

Na Aprili 11, majeshi yetu ya Tanzania pamoja na Waganda wenyewe yako Kampala. Amin kakimbia. Mwaka huohuo Macías wa Guinea ya Ikweta akaanguka Agosti, Bokassa wa Afrika ya Kati Septemba. Sisi tukalipia vita yetu wenyewe, mafuta yamepanda bei kwa sababu ya Iran, na nchi ikaingia miaka ya 80 mifuko mitupu, Mwalimu anavutana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Foleni za sukari na sabuni mlizosimuliwa na wazazi wenu, nusu ya sababu zake ziko Tehran na Kampala.

#15

#3 hapa. 1979 nakuunga mkono. 1919 nitarudi kesho na hoja za Bretton Woods, ule mkutano wa 1944 uliozaa Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, usilale.